Undugu wa Lugha na Kusikia Neno: Mahubiri ya Kiswahili Yanavyosikika Bariadi

Imezoeleka kusemwa miongoni mwetu, tena kwa nia njema, kwamba mchungaji anayepelekwa Usukumani asiogope habari ya lugha. Ahubiri Kiswahili tu. Hata wazee ambao hawakusoma watamwelewa, kwa maana Kiswahili na Kisukuma ni ndugu, na Mbantu humsikia Mbantu. Kauli hii tumeisikia kwa wakufunzi, kwa wakuu wa majimbo na kwa wanafunzi waliorudi kutoka mazoezi ya uchungaji; na sisi wenyewe tumewahi kuisema. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki. Hatusemi kwamba ni uongo. Kuna ukweli mwingi ndani yake, na ukweli huo ndio unaoifanya iwe ya hatari kwa Kanisa linalokiri pamoja na Paulo kwamba imani huzaliwa kwa kusikia (Warumi 10:17).

Bariadi tunayoisema ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, na wale wa Bariadi hujulikana kama Wanyantuzu. Usemi wao wenyewe huuita Jinantuzu, kwa kuwa hutamka ji- mahali ambapo Wasukuma wa upande wa Mwanza hutamka ki-. Majina ya makundi haya, kwa sehemu kubwa, ni majina ya pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Mdakama wa Tabora, ambaye vitabu humwita Mnyamwezi, akifika mnadani Bariadi hahitaji mkalimani. Atachekwa kwa matamshi yake, naye atawacheka wenyeji wake, lakini biashara itakwenda. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kila mmoja husema kwake na kusikia kwa jirani.

Yaelekea kauli tunayoihakiki ilizaliwa kwenye masikilizano ya namna hii, kisha ikavutwa mpaka mahali isipofika. Ikiwa Mnyantuzu na Mdakama husikilizana pasipo kufundishana, imedhaniwa kwamba Mnyantuzu na mtu wa pwani nao watasikilizana vivyo hivyo, labda kwa upungufu kidogo. Ni katika upungufu huo ndipo ilipo shida yetu.

Tuwe wa haki kwanza. Vijana wa Bariadi wanajua Kiswahili kama vijana wengine wa Tanzania. Shule, redio, siasa, kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 na masoko ya pamba vimewafundisha Kiswahili hata wengi ambao hawakumaliza darasa lolote. Hao hawasikii Kiswahili kwa undugu. Wamekisoma, kwa njia moja au nyingine, na makala haya hayawahusu sana. Tunaowasema ni wale ambao hawakufundishwa: wazee, hasa akina mama waliokaa nyumbani na shambani, pamoja na wachunga ng'ombe waliotumia utoto wao mbuga za Meatu. Katika mitaa ya mbali ya sharika zetu watu hawa wapo, na mara nyingi ndio wanaokaa mabenchi ya mbele.

Tuliwahi kuhudhuria ibada katika mtaa mmoja nje ya mji wa Bariadi. Mahubiri yalikuwa juu ya mwana mpotevu (Luka 15). Mhubiri alikuwa mgeni. Alihubiri Kiswahili safi, pasipo mkalimani, kwa muda upatao nusu saa. Baada ya ibada tuliketi na mama mmoja mzee ambaye wote walimwita mayu kwa heshima, naye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Kwa msaada wa mjukuu wake tulimwomba atusimulie aliyoyasikia. Alisimulia vizuri kuliko mhubiri. Alianza na kijana aliyetaka chake kabla ya wakati, akaja kwenye njaa, akawafikia nguruwe, ambao aliwakunjia uso. Alipofika kwa baba aliyekimbia alisimama kutuonyesha jinsi mtu mzima anavyokimbia akiwa amesahau heshima yake. Hakumsahau ndama, wala kaka aliyenuna nje. Tukamwuliza: na baada ya hadithi, mchungaji alisema nini, mayu? Akajibu kwamba baada ya hadithi mchungaji alianza kusema Kiswahili.

Tulicheka. Kisha jibu lile likatunyima raha, na halijaacha kutunyima. Mchungaji alikuwa akisema Kiswahili tangu mwanzo. Lakini kwa mama yule nusu ya kwanza ya mahubiri ilikuwa katika usemi wa jirani, mtu wa mbali kidogo anayetamka vibaya maneno ya nyumbani; nusu ya pili ilikuwa katika lugha ya kigeni. Mtu aweza kusema kwamba hadithi hiyo alikwisha kuisikia mara nyingi, na ndiyo sababu aliisimulia vizuri. Ni kweli. Lakini mahubiri juu ya neema pia alikwisha kuyasikia mara nyingi.

Tutazame nusu ya kwanza ilimfikiaje. Mwana kwake ni ng'wana. Baba ni baba. Njaa ni nzala, njia ni nzila, nyumba ni numba, kula ni kulya, ng'ombe ni ng'ombe. Mtu na watu ni munhu na banhu. Mvua ni mbula. Mwezi ni ng'wezi. Anayesikia mambo haya mara kwa mara hutambua, pasipo mtu kumwambia, kwamba pale msemaji wa Kiswahili anaposema wa- yeye husema ba-, na pale panaposemwa mw- yeye husema ng'w-. Baada ya siku chache masikio yake hufanya mabadilishano haya kama mtu anayebadili fedha mpakani, bila kuhesabu. Mara nyingine kanuni imejificha zaidi. Watatu kwa Kisukuma ni badatu: t ya kwanza imelegea ikawa d kwa sababu silabi inayofuata nayo ina t. Kanuni hii, ambayo inaonekana pia katika lugha nyingine za Kibantu kama Kikuyu, wataalamu huiita Sheria ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi Unyamwezi. Carl Meinhof ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1903. Yapendeza kukumbuka kwamba mojawapo ya sheria mashuhuri za elimu ya lugha za Kibantu imepewa jina la mhubiri aliyekuwa na subira ya kusikiliza.

Kuna yasiyofuata kanuni. Maji ni minzi, kondoo ni nholo, saba ni mpungati. Hata hivyo hadithi hubeba maneno ya namna hii mgongoni. Msikilizaji akiwa na baba, mwana, njaa na nyumba, mengine huyakisia kwa sura ya mhubiri na mwendo wa mambo, na hukisia vema.

Sasa nusu ya pili. Tuchukue sentensi ambayo kila mwanafunzi wa chuo cha Kilutheri huijua kabla hajajua jina la mkuu wa chuo: mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Hesabu ni neno lenye asili ya Kiarabu. Haki ni la Kiarabu. Neema ni la Kiarabu. Imani ni la Kiarabu. Katika maneno mazito ya kipengele ambacho Kanisa letu husimama au huanguka nacho, moja tu lina ndugu Bariadi, nalo ni njia. Mama yule katika kilele cha mahubiri alisikia nzila. Njia gani, ya nani, kwenda wapi, hakuambiwa kwa neno lolote alilokuwa nalo.

Tukiendelea kuhesabu mambo hayawi bora. Dhambi, toba, rehema, msamaha, sheria, injili, roho, msalaba, baraka, sadaka, nabii, malaika: yote yalikuja pwani na merikebu, yakakaa katika Kiswahili hata yakawa wenyeji, wala hatuna ugomvi nayo. Kiswahili hakina deni kwa mtu yeyote kwa sababu ya utajiri wake. Lakini undugu wa Kiswahili na Kisukuma ni undugu wa mama; mali hii Kiswahili kiliipata baadaye, baharini, na ndugu aliyebaki bara hakugawiwa. Hata katika Meza ya Bwana hali ni hiyo. Tunapotoa mkate na kutaja mwili, yeye husikia mili, nalo ni neno lake. Tunapotoa kikombe na kutaja damu, neno lake ni mininga, na sauti hizo mbili hazijuani kabisa.

Hapa tunatofautiana kidogo na matumizi ambayo baadhi yetu wameyafanya ya kazi za wataalamu wa lugha. Derek Nurse na Gérard Philippson, katika kitabu juu ya lugha za Tanzania kilichohaririwa na Edgar Polomé na C. P. Hill mwaka 1980, walilinganisha lugha za Kibantu za Afrika Mashariki kwa kuhesabu maneno yanayofanana. Kazi ya namna hiyo ni ya thamani kubwa kwa historia ya lugha, na kwa kusudi hilo hatuna la kuipinga. Lakini tazama maneno yanayohesabiwa. Tangu Morris Swadesh alipotunga orodha zake katika miaka ya 1950, wanaofanya hesabu hizi huchagua kwa makusudi maneno ya msingi, kama jicho, mkono, moto, maji, kula na kufa, kwa sababu hayo hayaazimwi kwa urahisi. Maneno ya kuazima huepukwa, kwa kuwa yanaharibu hesabu ya undugu. Maana yake ni kwamba asilimia inayopatikana inapima lugha ya hadithi ya mwana mpotevu. Lugha ya ufafanuzi wake haikutiwa katika mizani. Mhubiri anayechukua asilimia hiyo kama kipimo cha kueleweka kwake anasoma joto la chungu kingine.

Hata hivyo maneno yasiyo na ndugu si shida kubwa kuliko zote. Msikilizaji anayekutana na neno neema, na halimwambii kitu, anajua kwamba hakuelewa. Anaweza kumwuliza mjukuu wake. Iliyo mbaya zaidi ni ile ya neno linalofanana na la kwake na kumbe si ndugu yake. Hapo haulizi, kwa kuwa anadhani amekwisha kujibiwa.

Mfano ulio karibu kuliko yote ni kuja. Kwa Kisukuma, kama kwa Kinyamwezi, kuja maana yake ni kwenda. Kuja kwetu kwao ni kwiza. Si neno moja lililogeuka njiani. Yaonekana ni mashina mawili tofauti ya Kibantu ambayo, kila moja kwa njia yake, yalichakaa mpaka yakafanana sauti. Sasa mtu asiyefundishwa Kiswahili na asimame katika ibada, asikie ombi la pili la Sala ya Bwana, lile tunaloomba ufalme wa Mungu uje. Mwinjilisti mmoja wa kule, mtu mzima sasa, alitueleza kwamba alipokuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe aliamini Wakristo wanaomba ufalme uende zake. Wala hakushangaa. Wazee nyumbani walikuwa wakisimulia habari za watemi, kazi walizowatumikisha watu na ng'ombe waliotozwa, mpaka serikali ilipouondoa utawala wa watemi mwaka 1963. Ikawa wazi kwake kwamba hata Mungu angefurahi kuona falme zimeondoka. Alilitamka ombi hilo kwa moyo wote kwa muda wa miaka.

Tunajua kwamba kuja ni neno la kila siku, na kwamba anayeishi karibu na barabara hulijua upesi. Ombi lenyewe ndilo lisilosaidia. Mtu akiitwa kwa mkono huku akiambiwa aje, mkono hufasiri. Sala haina mkono. Husemwa na wote kwa pamoja, macho yamefumbwa, na hakuna anayeonekana akija wala akienda.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi tuliolelewa na Katekisimo Ndogo. Luther alifafanua amri zote kumi kwa kuanza na jambo lile lile: kwamba imetupasa kumcha Mungu na kumpenda. Katika Kiswahili tulichokizoea kanisani neno ni kumcha. Hata kwa vijana wa Dar es Salaam limekuwa neno la kikale, lakini kwa Msukuma shina hilo lina maana nyingine: kucha kwao ni kufa. Sarufi haimruhusu kulitia mahali pale vizuri, kwa maana mtu hamfi mtu. Lakini sauti ya kufa imekwisha kuingia sikioni, mara kumi mfululizo, mwanzoni mwa kila amri. Mtoto wa kipaimara anayejifunza kwa kukariri atasema alivyoambiwa. Ni nini kilichobaki moyoni mwake juu ya Mungu, hatujui wala hatujauliza, na kutouliza huko ndilo kosa letu.

Maandiko yenyewe hayatupi sababu ya kuutegemea undugu wa lugha. Kiaramu na Kiebrania ni ndugu wa karibu, pengine kuliko Kiswahili na Kisukuma. Labani na Yakobo waliita rundo moja la mawe kila mtu kwa lugha yake (Mwanzo 31:47), na twaona kwamba waliwezana kwa kiasi fulani. Lakini Rabshake alipokuja chini ya ukuta wa Yerusalemu, watumishi wa Hezekia walimsihi aseme Kiaramu, ambacho wao walikijua, wala si lugha ya Wayahudi masikioni mwa watu waliokuwa ukutani (2 Wafalme 18:26). Ombi hilo lina maana kama tu watu wa ukutani hawakuelewa Kiaramu. Maofisa walikuwa wamejifunza. Watu wa kawaida walikuwa na undugu tu, na undugu haukuwatosha. Yafaa tuone pia nani aliyeamua kusema lugha ya watu: ni adui. Rabshake alijua kwamba anayetaka kuutikisa moyo wa mtu humwendea kwa lugha yake. Inatia aibu kidogo kwamba katika kisa hiki mwenye bidii ya lugha ni Mwashuri.

Wengine hukimbilia Pentekoste. Husema kwamba Roho Mtakatifu atawafikishia watu kile ambacho kinywa cha mhubiri hakikufikisha. Gregori wa Nazianzus, katika hotuba yake ya Pentekoste, alijiuliza swali hili: je, muujiza wa Matendo 2 ulikuwa katika vinywa vya mitume au katika masikio ya watu? Akaona ni afadhali kusema ulikuwa katika vinywa, kwa maana kama ungalikuwa katika masikio, basi muujiza ungalikuwa wa wasikilizaji kuliko wa wasemaji. Tunaona hoja hii ina uzito mkubwa kwa mhubiri wa Bariadi. Anayehubiri Kiswahili mbele ya mayu wasiokijua, akitumaini kwamba undugu wa lugha utafanya kazi iliyobaki, anadai muujiza wa masikio. Anawatwika wazee kazi ambayo siku ile ilitwikwa mitume.

Matengenezo ya Kanisa nayo yalikutana na jambo hili hili, tena mapema mno. Agano Jipya la Luther lilitoka Wittenberg Septemba 1522. Mwaka uliofuata Adam Petri, mpiga chapa wa Basel, alilichapa upya, na kwa kuwa aliona watu wa kusini hawayajui baadhi ya maneno yake, akaongeza orodha ya maneno hayo pamoja na maana zake kwa Kijerumani cha kwao. Upande wa kaskazini, ambako watu walisema Kijerumani cha nchi za tambarare, orodha haikutosha. Huko Lübeck ilichapishwa Biblia nzima katika usemi wao, iliyosimamiwa na Johannes Bugenhagen, nayo ilikamilika mwaka 1534, mwaka ule ule Biblia nzima ya Luther ilipotoka Wittenberg. Lugha hizo zilikuwa ndugu. Watu wake walifanya biashara pamoja. Na bado wale waliomfahamu Luther kwa karibu, Bugenhagen akiwa mchungaji wake mwenyewe, hawakuthubutu kuiachia injili itegemee kukisia kwa watu sokoni. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 24, linakumbusha kwamba Paulo aliagiza kutumia kanisani lugha ambayo watu wanaielewa. Halisemi lugha iliyo ndugu na ile wanayoielewa.

Historia ya karibu nasi inasema hivyo hivyo. Wamisionari wa Leipzig walihubiri Kichaga, na Bruno Gutmann alikipenda mpaka wengine wakamwona amepita kiasi. Wa Betheli walihubiri Kihaya huko Bukoba. KKKT ilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Kiswahili kilikuwa kifungo chema cha umoja, na wengi wetu tumezaliwa ndani ya umoja huo. Lakini mchungaji aliyetoka Machame au Bukoba akaenda Bariadi na Kiswahili chake akumbuke kwamba babu yake aliisikia neema kwa lugha ya mama yake. Hilo analomnyima mayu, yeye mwenyewe amelirithi. Mhaya hasa hana udhuru, kwa sababu kwao kuja ni kwija. Neno la Kisukuma lilikuwa nyumbani kwake, naye ameliacha mlangoni.

Tunajua litakalojibiwa. Katika usharika wa mjini wamo Wahaya, Wachaga, Wajita na wengine. Mahubiri yakiwa ya Kisukuma peke yake, hao watakuwa wageni katika Kanisa lao, na ukabila utainua kichwa. Wapo pia Wataturu wa Meatu, ambao lugha yao si ya Kibantu hata kidogo, na kwao Kisukuma na Kiswahili vyote ni vya kujifunza. Jibu hili ni zito na hatutaki kulipuuza. Kwa hiyo hatudai kwamba Kiswahili kiondolewe madhabahuni. Tunalokataa ni kule kuhubiri Kiswahili kana kwamba kazi ya kufasiri imekwisha kufanywa na mababu wa Kibantu.

Wala kuweka mkalimani si dawa yenyewe. Mara nyingi mkalimani ni kijana mwenye Kiswahili cha shule na Kisukuma cha uwanjani. Hadithi huifasiri vizuri, ingawa hadithi ndiyo iliyohitaji msaada kidogo. Akifika kwenye neema husema neema, kwenye imani husema imani, na kuongeza kiambishi cha Kisukuma mbele kama mtu anayemvika mgeni kanzu ya mwenyeji. Mhubiri asiyejua Kisukuma huridhika, kwa sababu amelisikia neno lake likirudi.

Kilichotuhuzunisha ni kuona kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa, na sisi hatuitumii. Nassa, ambayo leo iko Wilaya ya Busega katika mkoa huu huu wa Simiyu, ilifikiwa na wamisionari wa CMS mwaka 1888, kisha ikachukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909. Agano Jipya la Kisukuma lilichapishwa mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Waliolifasiri walifika Warumi 3, na hawakuweza kuruka. Walilazimika kuketi na wazee, wakauliza Msukuma husemaje mtu akipewa asichostahili, akiachiliwa deni, akimtegemea mwingine kwa uzito wake wote. Twaweza kukubaliana na majibu yao au kuyakosoa, lakini yamo kitabuni. Kwa wanaopenda sarufi, Herman Batibo alitoa uchambuzi wake wa Kisukuma mwaka 1985, na Clement Maganga pamoja na Thilo Schadeberg walitoa kitabu chao cha Kinyamwezi mwaka 1992, chenye sarufi, masimulizi na msamiati. Mwanafunzi wetu husoma Kigiriki kwa miaka ili aelewe pistis, na ni vema. Akipangiwa Bariadi hatumwulizi kama anajua mayu huitaje jambo hilo.

Tunapendekeza jambo dogo, la mfano wa Petri. Kila mchungaji au mwinjilisti anayepelekwa Simiyu apewe karatasi moja ya maneno, iliyotungwa pamoja na wazee wa sharika za huko, wala isitungwe chuoni. Upande mmoja yawepo maneno ya mafundisho yetu yasiyo na ndugu, pamoja na jinsi wazee wanavyoyaeleza, hata ikihitaji sentensi nzima kwa neno moja. Upande wa pili yawepo maneno yanayofanana na kumbe si ndugu. Karatasi hiyo haitamfanya mtu kuwa Msukuma. Itamfanya asite mahali panapostahili kusita, aeleze kwa mfano pale alipozoea kutaja neno tu, na baada ya ibada aulize watu wamesikia nini kabla hajauliza sadaka ni kiasi gani.

Tulianza kuitunga tukiwa bado Bariadi, chini ya mwembe, mjukuu wa mayu akiandika. Upande wa pili ulianza na kuja. Upande wa kwanza tuliuanza na neema, na mpaka jua linakuchwa tulikuwa hatujalipita.